Mbeya: upande upi wa barabara?

Mwezi uliopita rafiki yangu, mwalimu aliyepata uhamisho kutoka Singida, alinipigia simu na swali ambalo nimeulizwa mara nyingi tangu nihamie huku: "Kaka, mtaa gani mzuri Mbeya?" Anakuja na mkewe, watoto wawili, mmoja yuko darasa la tatu na mwingine chekechea, pamoja na mama yake mzazi ambaye magoti yanamsumbua. Kabla hajanifikia mimi alikuwa ameshauliza watu wanne. Wote walimwambia Forest. Mmoja akaongeza kwamba Forest ikimshinda bei, basi atafute Block T.

Sina ugomvi na Forest. Ina miti, ina nafasi, na ukitaka kufika mjini au Mafiati hutumii muda mrefu. Lakini wale wanne walimtajia mtaa wenye jina, na jina la mtaa halimpeleki mtoto shule. Familia inaishi kati ya mlango wake na shule, kati ya mlango na bomba, duka, zahanati, kanisa au msikiti. Ndiyo maana sikumtajia mtaa. Nilimuuliza shule ya watoto iko wapi, na ofisi ya mkewe, kama atapata kazi, itakuwa wapi. Kisha nikamwambia jambo ambalo mimi nililijua kwa kuchelewa: katika jiji lenye umbo la Mbeya, kitu cha kwanza kuchagua ni upande wa barabara kuu utakaokaa. Mtaa unafuata baadaye.

Kwa asiyeijua Mbeya, picha ni hii. Mji umekaa kwenye mwinuko wa mita kama 1,700, kaskazini umeegemea safu ya milima ambayo Loleza, wenye mita 2,656, ndio unaouona kila ukiinua macho ukiwa mjini. Mji wa zamani, yaani Uhindini, Sokomatola, Majengo na Uzunguni, uko juu kidogo, pembeni ya barabara kuu ya kwenda Zambia. Lakini mji uliokua baadaye uliifuata lami. Ukitokea Uyole unapita Nanenane, Sae, Ilomba, Mama John, Soweto, Kabwe, Mafiati, kisha Nzovwe, Iyunga na Iwambi mpaka unatelemkia Mbalizi, na muda wote huo hujatoka kwenye nyumba za watu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 katika jiji hili. Ya 2022 ikahesabu 541,603. Zaidi ya watu 150,000 wameongezeka ndani ya miaka kumi, na wengi wetu tumejipanga kulia na kushoto kwa barabara ileile moja.

Barabara hiyo ndiyo njia ya malori ya Dar es Salaam, Tunduma, Zambia na Kongo. Ndiyo njia ya mabasi ya mikoani, ya daladala za Uyole na Mbalizi, ya bajaji, bodaboda na mikokoteni ya viazi. Na ndiyo ambayo mtoto wa darasa la pili anaivuka asubuhi na mchana ikiwa mzazi wake alichagua nyumba kama nilivyochagua mimi.

Nilikuja Julai, peke yangu, nikiwa na siku mbili za kutafuta nyumba. Watumishi wengi huhama kipindi hicho, mwaka wa fedha wa serikali ukianza, na madalali wanajua. Nilionyeshwa nyumba tano. Ya nne ilikuwa Ilomba, chini ya barabara, yaani upande wa bondeni wa lami: marumaru mpya, dari la jipsamu, vyumba vitatu kimoja masta, fensi na geti jeusi. Kutoka hapo mpaka kazini kwangu ni mwendo mfupi. Nilimtumia mke wangu picha, naye akauliza shule iko wapi. Nikamjibu kwa uhakika kabisa kwamba ni hapo juu tu, dakika kumi na mbili kwa miguu. Nilikuwa nimezitembea mwenyewe, saa nne asubuhi, mtu mzima mwenye mikono mitupu. Nikalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo na mwezi mmoja wa dalali.

Jumatatu ya kwanza ya kufungua shule tulitoka na binti yangu saa kumi na mbili na robo. Alikuwa na miaka minane, amevaa mzula uliofika kwenye nyusi na sweta la shule lililomzidi mikono. Ukungu ulikuwa umeshuka, taa za malori zinaonekana kabla ya malori yenyewe. Tukasimama pembeni ya lami. Likipita lori kutoka Uyole linakuja basi kutoka Mafiati, likipita basi bodaboda tatu zinachomoza nyuma yake. Nilihesabu malori kumi na saba. Mara mbili nilimvuta mtoto tuingie, mara mbili tukarudi nyuma. Mama mmoja aliyekuwa anakaanga maandazi kando pale akaacha karai lake, akafuta mikono kwenye kanga.

"Baba, usimvushie hapa," aliniambia. "Hapa wanapita na mwendo. Twende kule kwenye tuta."

Akamshika binti yangu mkono, wakatangulia, mimi nikawafuata. Kwenye tuta palikuwa na watoto kama ishirini wanasubiri, wakubwa wamewashika wadogo mikono. Mmoja wa darasa la saba aliinua mkono juu, lori likapunguza, kundi lote likakimbia. Hakukuwa na mtu mzima mwingine zaidi yetu sisi wawili.

Dakika zangu kumi na mbili zilikuwa sahihi kwa hatua. Sikuwa nimehesabu kusimama, na sikuwa nimehesabu hofu. Tangu siku hiyo mke wangu alimpeleka na kumrudisha kila siku ya shule. Kumpeleka anavuka mara mbili, kwenda na kurudi. Kumfuata mchana anavuka mbili nyingine. Mara nne kwa siku, huku mdogo akiwa mgongoni. Biashara ya vitenge aliyotoka nayo Morogoro haikufunguka mwaka ule, kwa sababu kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa alasiri hakuwa na saa tatu mfululizo zilizo zake. Mimi nilichagua nyumba iliyo karibu na kazi yangu, na gharama ya uchaguzi huo aliilipa yeye. Sikuiona kama gharama kwa sababu haikutoka mfukoni mwangu.

Hapo ndipo hoja yangu yote ilipo. Tunapochagua mahali pa kuishi, tunapima kwa miguu ya yule anayelipa kodi. Yeye anaondoka asubuhi na kurudi jioni, tena mara nyingi kwa pikipiki au gari. Mtaa anaujua usiku. Wanaokaa mtaani mchana ni mama, mtoto, bibi na dada wa kazi, na hao ndio huwa hawapo siku nyumba inapokaguliwa.

Watu huniambia suala la kuvuka linatatuliwa na daladala. Aliyewahi kuwa mwanafunzi Tanzania anajua jibu. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima, kwa hiyo saa ya watu wengi konda anahesabu viti na kuwaacha watoto kituoni. Nimewaona Kabwe na nimewaona Sae, wamejazana mlangoni, konda amenyoosha mkono kuwazuia: "Wanafunzi wawili tu, wawili tu." Mtoto anayetegemea daladala anategemea huruma ya konda kila asubuhi, na akishuka upande usio wake bado atavuka. Shule za kulipia zina mabasi, ni kweli, na kwa mwenye uwezo zinasaidia. Ila uliza basi linaanza kuzunguka saa ngapi. Mtoto wa kwanza kuchukuliwa anaamka saa kumi alfajiri, na Juni ya Mbeya saa kumi alfajiri si saa ya kumtoa mtoto wa miaka mitano kitandani.

Barabara sasa inapanuliwa kuwa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29. Nimeuombea mradi huu kama wengine wote. Foleni ya Mafiati na Kabwe imetuchosha, na miteremko tunayo pande zote mbili, Mlima Nyoka upande wa Uyole na Iwambi upande wa Mbalizi, ambako lori likikatika breki hakuna anayejua litasimama wapi. Barabara pana inahitajika. Lakini barabara pana ni barabara ndefu zaidi kuivuka, na magari yatakimbia kuliko sasa. Kama madaraja ya waenda kwa miguu hayatajengwa mbele ya shule na masoko, kule watoto wanakovukia kila siku, basi jiji litakuwa limegawanywa vipande viwili, na mzazi atakayehamia hapa atalazimika kuchagua kipande. Madiwani wa kata za kandokando ya lami wanapaswa kulisema hili kila kikao, bila kuchoka. Zebra iliyochorwa kwa rangi haimsimamishi dereva aliyetoka Tunduma usiku kucha.

Kwa nini basi kila mtu alimtajia rafiki yangu mitaa ileile? Nadhani ni urithi. Mji huu ulianza kukua miaka ya 1920 na 1930, dhahabu ya Lupa ilipowavuta watu kuelekea Chunya, na serikali ya kikoloni iliwagawia watu makazi kwa rangi. Majina hayafichi: Uzunguni, Uhindini. Uzunguni walipewa viwanja vikubwa, miti, na nyumba zenye dohani za kuotea moto. Mwafrika akakaa Majengo, nyumba zimebanana. Ukoloni uliondoka, lakini ngazi ile ya heshima ikabaki vichwani, na mitaa ya baadaye tuliipanga kwenye ngazi hiyohiyo. Mpaka leo mtu akikwambia mtaa fulani ni mzuri, mara nyingi anakwambia viwanja vyake ni vikubwa na majirani wana magari. Hajakwambia kama kuna shule ya msingi ambayo mtoto anaweza kuifikia bila kushikwa mkono.

Ukishajua upande, ndipo uingie mitaani. Na hapo usisikilize sana maneno, angalia vitu.

Angalia simtanki. Hakuna dalali atakayekwambia maji ni ya mgao, lakini mtaa mzima unakuambia. Ukikuta kila nyumba imenyanyua tangi la lita elfu mbili au tano juu ya mnara, ujue waliotangulia walishajifunza. Ukikuta madumu ya njano yamepangwa mstari kwenye korido ya nyumba za kupanga, umejibiwa. Nyumba yangu ya pili ilitaka kuniponyoka kwa sababu hii. Dalali alifungua bomba la uani, maji yakatoka kwa nguvu, akasema, "Mzee, hapa maji siku zote." Nilipotoka nikamsalimia bibi wa nyumba ya pili aliyekuwa anaanika mahindi, nikamuuliza. Akacheka kidogo. "Marahaba mwanangu. Leo ni Jumatano. Yanakuja Jumatano, na Jumamosi usiku." Tuliichukua nyumba ile, kwa sababu ilikuwa juu ya barabara pamoja na shule, lakini tuliichukua tukijua, na tangi tulilinunua kabla ya kitanda.

Maji Mbeya yana mantiki yake. Kwa miaka mingi mji umekunywa kutoka kwenye vijito na chemchemi za milima inayouzunguka. Vyanzo hivyo vilitosha mji mdogo, na watu wameongezeka kama nilivyoonyesha. Ndiyo maana ukaja mradi mkubwa wa kuleta maji ya Mto Kiwira. Lakini bomba kubwa likifika jijini si kwamba limefika kwenye kona yako. Anayekaa mwinuko wa juu kuliko tangi la eneo lake anaweza kukosa maji wakati jirani yake wa bondeni anaosha gari. Kwa hiyo usiulize kama Mbeya ina maji. Muulize mama mwenye bomba la kuuzia ndoo mwisho wa kichochoro, naye atakutajia siku na saa.

Angalia pia kuta, hasa kwa chini. Mvua za hapa ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba na kuisha Aprili au Mei. Anayetafuta nyumba Julai au Agosti anaona vumbi tu. Korongo linaonekana kama njia ya mkato, bonde linaonekana kama kiwanja cha mpira. Lakini maji huacha saini: mstari wa tope uliokauka ukutani kwa urefu wa goti, viroba vya mchanga vilivyopangwa mlangoni na kusahauliwa, msingi uliochimbika mpaka mawe yake yako nje. Nyumba moja niliyoonyeshwa ilikuwa imepakwa rangi mpya nje, mita moja tu kutoka chini, juu kumeachwa na rangi ya zamani. Nilimuuliza dalali kwa nini. Hakujibu, akanionyesha jiko.

Hili si la kufanyia mchezo kwa mji ulioegemea mlima. Aprili 2024 tope liliporomoka kutoka Mlima Kawetere, likashuka mpaka mtaa wa Gombe katika kata ya Itezi, likafunika nyumba za watu na kuingia mpaka shuleni. Nilikwenda kuona siku chache baadaye. Kilichonikaa rohoni ni paa la bati lililokuwa usawa wa kiuno changu. Nilisimama nikilitazama kutoka juu, na kwenye kenchi yake bado palikuwa na kamba ya kuanikia nguo, kibanio kimoja cha plastiki cha bluu kimeng'ang'ania. Waliokuwa wanaishi pale walikuwa watu waliotafuta kiwanja wanachokimudu, kama mimi na wewe. Udongo wa milima hii ukivuliwa miti na kulimwa mpaka kwenye mteremko mkali, mvua ya Aprili inaukuta umeshiba maji na hauna cha kuushika.

Kwa hiyo anayetaka kununua kiwanja na kujenga, na wahamiaji wengi wa Mbeya huishia huko kwa sababu Isyesye, Iduda, Mwasanga na kata nyingine za pembezoni bado zina nafasi, namsihi jambo moja: asinunue kabla hajapitisha masika moja akiwa hapa. Akitembelee kiwanja siku mvua inanyesha, akiwa na mwamvuli na mabuti, aone maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Muuzaji atakwambia kile ni kijito tu, kinakauka. Kinakauka Agosti. Na uulize halmashauri kama eneo limepimwa, maana makubaliano yaliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari mbele ya mashahidi wawili hayatakuletea barabara wala mtaro.

Rafiki yangu ana mama mzee, na hilo limenifanya nifikirie mambo ambayo mimi sikuyahitaji. Mtu aliyezoea jua la Singida, mwenye magoti mabovu, akiletwa Mbeya mwezi wa Julai atateseka kama chumba chake hakipati jua. Watu hapa wanajua kwa mazoea, ila madalali hawasemi: Juni na Julai jua letu linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo chumba chenye dirisha la kaskazini ndicho kinachopata joto mchana. Chenye dirisha la kusini kinabaki na baridi kutwa nzima, na kwenye kona zake utakuta ukungu mweusi. Mgonjwa wa viungo asipewe chumba hicho, wala mtoto mchanga. Na asiingiziwe jiko la mkaa chumbani usiku, jambo ambalo kila mwaka baridi inawashawishi watu kulifanya, na moshi wake usioonekana unaua.

Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko mjini, kitengo cha wazazi kiko Meta, na upande wa Uyole kuna Igawilo. Kwa kliniki ya kila mwezi ya mzee, kituo cha afya cha kata kilicho upande wako kina thamani kuliko hospitali kubwa iliyo mbali. Mwishoni mwa mwezi wa pili utakuwa umeshakubaliana nami.

Lakini mzee anahitaji pia mtu wa kuongea naye. Mbeya ni mji wa Wasafwa wenye ardhi yao, Wanyakyusa waliopanda kutoka Rungwe na Kyela, Wandali, Wanyiha, Wakinga wenye maduka Mwanjelwa, na wengine tuliokuja kwa barua za uhamisho. Kwenye mitaa ya nyumba kubwa zenye fensi ndefu, bibi anaweza kumaliza wiki bila kusalimiwa na mtu asiye wa nyumbani kwake. Kwenye mitaa iliyobanana kidogo, ukikaa barazani asubuhi umeshapata shikamoo kumi na majungu mawili, na mtu akikosa kuonekana siku mbili, mlango unagongwa. Nimeishi kote kuwili. Tulipokuwa nyuma ya geti jeusi, nilikaa miezi minne sijui jina la jirani wa kulia. Tulipohamia nyumba ya pili, mwanangu mdogo alipata degedege usiku nikiwa safarini, na waliompakia mke wangu kwenye bajaji walikuwa majirani watatu. Mmoja wao ni yule bibi wa Jumatano na Jumamosi. Alikaa naye hospitali mpaka asubuhi. Mke wangu alipomshukuru kwa "ndaga fijo", neno pekee la Kinyakyusa alilokuwa analijua, bibi akamjibu kwa Kiswahili kwamba yeye ni Msafwa, na kwamba mtoto hana kabila akiwa anaumwa.

Huwezi kuliona hilo kwa kutembezwa na dalali. Unaloweza kufanya ni kupita ofisi ya serikali ya mtaa kabla hujalipa. Utahitaji barua ya utambulisho hata hivyo, kwa shughuli nyingi za kiserikali na za benki, kwa hiyo nenda mapema. Uliza kama kuna ulinzi shirikishi, gari la taka linapita lini, mkutano wa mwisho wa mtaa ulifanyika lini. Mtendaji akikujibu bila kutafuta maneno, umepata mtaa unaoendeshwa. Ukikuta ofisi ina kufuli siku tatu mfululizo, hilo nalo ni jibu.

Mambo ya mita ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, nayasema kwa haraka kwa sababu kila mpangaji anayajua: uliza mnachangia nyumba ngapi, na kumbuka kwamba tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme, kwa hiyo ni pesa ya mpangaji inayomlipia mwenye nyumba kama hamjakubaliana vingine. Ulinzi pia. Pita mtaani saa mbili usiku, uone kama kuna taa na kama wanawake wanatembea bila kukimbia.

Kinachotufunga wengi ni kodi ya miezi sita. Mtu akishalipa kwa mkupuo, hata akiona kosa wiki ya pili, anavumilia, na mtoto anaendelea kuvuka. Mwenye nyumba ana sababu zake, ana mkopo au ana ada. Lakini familia inayoingia mji isiyoujua inanunua kitu bila kukionja. Naona heri kupanga padogo kwa muda mfupi, hata chumba na sebule, mizigo mingine ikae kwa ndugu, kuliko kulipia nusu mwaka wa makosa.

Haya yote nilimwambia rafiki yangu, kwa simu mbili ndefu. Hakuja yeye kutafuta nyumba. Alimtuma mkewe, akapanda basi na yule mtoto wa darasa la tatu, wakalala kwetu siku tatu. Shemeji alitembea na mtoto kutoka kila nyumba mpaka shuleni, saa kumi na mbili asubuhi, akimwacha mtoto atangulie na yeye akifuata nyuma hatua ishirini. Nyumba mbili alizikataa kwa sababu mtoto alisimama katikati ya njia akageuka kumtafuta. Ya tatu ni ya vyumba viwili na sebule, haina fensi, sakafu ni ya saruji, iko juu ya barabara na shule iko juu ya barabara. Chumba cha bibi kina dirisha la kaskazini.

Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita. Shemeji akamlipa mitatu, akamwambia ya mingine watazungumza Novemba, mvua zikishaanza.